Mkonge wa Same na jeli za hospitali: Biashara iko wapi hasa?

KWA wakulima wa nyikani wilayani Same, kuanzia Hedaru na Makanya hadi Kisiwani na Ndungu, habari za zao jipya litakalowakomboa si ngeni. Kati ya mwaka 2005 na 2008 zao hilo lilikuwa mibono. Ilielezwa kuwa mibono ingetoa mafuta ya kuendeshea magari, kwamba haihitaji mvua nyingi na kwamba mnunuzi yupo tayari. Mwaka 2011 kampuni ya Sun Biofuels, iliyokuwa imelima mibono Kisarawe, ikasimamisha shughuli zake, na mikoani miti mingi ikabaki kuwa uzio wa ng'ombe. Kabla ya hapo wenzetu wa Kagera walipata somo lao kwa vanila, ambayo bei yake katika soko la dunia ilipaa mno mwaka 2003 kisha ikaanguka vibaya ndani ya miaka miwili tu.

Safari hii habari inatoka kwenye majarida ya sayansi. Watafiti wa Brazil, China na kwingineko wamekuwa wakionyesha kuwa singa za mkonge zinaweza kusafishwa na kusagwa hadi kupata selulosi laini sana, na kwamba selulosi hiyo inaweza kuingia katika kutengeneza haidrojeli za hospitali. Haidrojeli hizi ni aina ya ute mzito unaoweza kubadilika kwa joto la mwili, na baadhi yake hujiunga zenyewe zikikatika. Zinatafitiwa kwa ajili ya kufunika vidonda vya moto, kubeba dawa hadi ndani ya mwili, na kulea chembe hai maabara.

Mtu akisoma hayo akiwa amekaa kando ya shamba la mkonge, ni rahisi kupiga hesabu za haraka. Kilo ya singa inauzwa kwa shilingi, wakati jeli ya hospitali inauzwa kwa dola, tena kwa mililita. Je, kati ya shilingi na dola hizo, mkulima wa Same ana nafasi? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kabla hajatokea mtu wa kuuza miche.

Supu ya makongoro na mlenda

Tuanze na kitu chenyewe, maana jina lake ni gumu kuliko kilivyo. Haidrojeli ni mtandao wa nyuzi ndefu za kikemia, zinazoitwa polima, ambao umeyashika maji mengi bila kuyaachia. Katika baadhi ya jeli maji ni zaidi ya asilimia 90 ya uzito wote. Lenzi laini za macho ni haidrojeli. Sehemu ya ndani ya nepi za watoto za dukani, ile inayovimba ikilowa, nayo ni ya jamii hiyo hiyo.

Aliyewahi kuacha supu ya makongoro usiku katika baridi ya Mbaga au Chome anaijua tayari jeli inayotii joto. Asubuhi anaikuta imeganda inatikisika, na akiirudisha jikoni inakuwa supu tena. Jeli ya makongoro hushikana kwa baridi na kuachana kwa joto.

Daktari mara nyingi anataka kinyume chake. Anataka kitu chepesi kama maji kikiwa bado kwenye friji, akipitishe katika sindano nyembamba, na kikishafika ndani ya mwili wenye nyuzi joto 37 kigande palepale na kukaa alipokiweka. Polima za tabia hiyo zipo na zimejulikana kwa miaka mingi. Moja inaitwa poloksama 407. Nyingine, inayojulikana kwa kifupi cha PNIPAM, huyeyuka kwenye maji ya baridi, lakini ikivuka takriban nyuzi 32 hujikunja na kuyafukuza maji. Huko Japani, Teruo Okano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Wanawake cha Tokyo waliitumia tabia hiyo kwa ujanja mkubwa. Waliotesha chembe hai juu ya sahani iliyopakwa polima hiyo, na walipoipoza sahani, utando mzima wa chembe ukabanduka wenyewe bila kukwaruzwa wala kumwagiwa dawa ya kuzitenganisha.

Ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo ni methili selulosi. Hii hutengenezwa kwa kuchukua selulosi ya mimea na kuibadilisha kidogo kikemia. Huyeyuka katika maji baridi na huganda ikipashwa moto, kwa kawaida kwenye nyuzi 50 hivi au zaidi. Ukiongeza chumvi za aina fulani, joto la kuganda hushuka na kusogea karibu na joto la mwili. Selulosi ndiyo mali ya mkonge: takriban theluthi mbili ya uzito wa singa kavu ni selulosi.

Kujiponya nako si muujiza. Ukipitisha mwiko katikati ya chungu cha mlenda, ufa haudumu, kwani pande mbili hurudiana. Nyuzi zilizomo zimeshikana kwa mikono dhaifu inayoachia na kushika tena kila mara. Jeli inayojiponya imejengwa kwa viungo vya namna hiyo, na faida yake inaonekana pale inapowekwa juu ya goti au kiwiko kisichotulia, au inaposukumwa kwenye sindano ikakatika vipande na kulazimika kuwa kitu kimoja tena upande wa pili. Kazi ngumu ipo katika kupata kiasi. Viungo vikiwa legevu mno, jeli inatiririka kama huo mlenda na kuondoka kidondani. Vikiwa vigumu mno, inapasuka na haiungani. Maabara nyingi duniani zimekwama hapo hapo.

Dawa moja iliyofika sokoni inaonyesha thamani yake. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu Jelmyto, dawa ya aina ya saratani inayoshambulia njia ya mkojo karibu na figo. Tatizo la zamani la ugonjwa huo lilikuwa mkojo wenyewe, kwani dawa ya maji ilikuwa inasombwa kabla haijafanya kazi. Jelmyto huingizwa ikiwa baridi na majimaji, hugeuka jeli ndani ya mwili, kisha huyeyuka polepole huku ikiachia dawa. Dozi yake moja inauzwa kwa maelfu ya dola. Kinachogandisha dawa hiyo ni poloksama, na poloksama hutokana na mafuta ya petroli.

Adui wa zamani

Hapo mkulima wa mkonge inabidi atege sikio, maana ameshawahi kukutana na mafuta ya petroli uwanjani na alishindwa.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, asili yake ikiwa Mexico. Miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba ya Tanga, ya bonde la Pangani, ya Morogoro na ya huku Same, ambako Makanya na Ndungu majina yao hayatengani na mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 na kuongoza duniani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000.

Wengi hulaumu utaifishaji wa mwaka 1967 na usimamizi uliofuata, na lawama hizo zina msingi. Lakini soko lenyewe lilikuwa limeanza kuhama. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifunga majani ya mifugo kwa kamba za katani walipata kamba za plastiki. Hazikuwa bora kuliko katani kwa kila hali, na leo tunajua uchafu wanaoacha. Zilishinda kwa sababu zilikuwa rahisi na, jambo linalosahaulika sana, zilikuwa zile zile mwaka mzima. Marobota mawili ya kamba ya plastiki hayatofautiani. Singa za jani la miaka mitatu na za jani la miaka minane hutofautiana, na za msimu wa mvua hutofautiana na za kiangazi.

Kwenye kamba tofauti hiyo ilivumilika. Katika kitu kinachoingia jichoni au kwenye damu ya mgonjwa haivumiliki hata kidogo, na kwa maoni ya mwandishi hiki ndicho kizingiti halisi kwa mkonge wetu, kikubwa kuliko ukosefu wa mtaji unaotajwa kila siku.

Hesabu ya bomba moja la sindano

Tuchukue mfano ulio karibu. Katika upasuaji wa mtoto wa jicho, madaktari hujaza sehemu ya mbele ya jicho kwa ute maalumu ili wapate nafasi ya kufanya kazi bila kuumiza kioo cha jicho. Mmoja wa ute unaotumika sana, hasa katika nchi zisizo na fedha nyingi, hutengenezwa kwa ndugu wa methili selulosi anayeitwa kwa kifupi HPMC. Hutengenezwa kwa nguvu ya asilimia 2 na kufungwa katika bomba la mililita 2 hivi.

Asilimia 2 ya mililita 2 ni gramu 0.04. Kwa hiyo kilo moja ya HPMC inatosha mabomba 25,000, na tani moja inatosha mabomba milioni 25. Hata kama hospitali zote za Afrika Mashariki zingekubali kununua ute uliotokana na mkonge wa Same peke yake, mahitaji ya mwaka yangebebwa na gari dogo la mizigo, na nafasi ingebaki ya abiria.

Hesabu hiyo inapaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya ushirika. Anayemwambia mkulima apanue shamba la mkonge kwa sababu "jeli za hospitali zinakuja" hajaifanya, au ameifanya na hataki kuisema. Katika biashara hii bei ni kubwa kwa sababu kiasi ni kidogo, na karibu bei yote inalipia usafi, vipimo, vibali na hatimiliki. Mali ghafi ni senti chache. Viwanda vinavyotengeneza selulosi ya dawa leo vinatumia zaidi mbao laini na manyoya mafupi yanayobaki kwenye mbegu za pamba, bidhaa ambazo tayari zina historia ya vipimo vya miaka mingi. Mkonge ukitaka kuingia hapo hautaingia kwa kuwa na bei nafuu.

Wapo waliowahi kupita njia hii, na safari zao zinafundisha muda unaohitajika. Otto Wichterle wa Prague na mwenzake Drahoslav Lím walichapisha habari za haidrojeli yao mwaka 1960. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1961 Wichterle, akiwa nyumbani kwake, alitengeneza lenzi laini za kwanza kwa mashine aliyoiunga kwa vipande vya chuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli. Ruhusa ya kuziuza Marekani ilipatikana mwaka 1971, miaka kumi baadaye, na aliyeingia nazo sokoni ni kampuni ya Bausch & Lomb. Nchi ya mvumbuzi ilikuwa imeuza haki kwa fedha ndogo ukilinganisha na faida iliyopatikana.

Mfano wa pili ni wa India. Kiwanda cha Aurolab cha Madurai kilianzishwa mwaka 1992 kutengeneza lenzi za kupandikiza ndani ya jicho, ambazo wakati huo ziliagizwa nje kwa bei ambayo maskini hakuiweza. Kiliteremsha bei hiyo hadi chini ya dola 10. Lakini Aurolab hakikuanza na shamba, kilianza na hospitali za macho za Aravind zilizokuwa na wagonjwa wengi mno, yaani mnunuzi alikuwepo mlangoni kabla mashine haijawashwa. Sisi huwa tunaanza upande wa pili, tunalima kwanza na kutafuta mnunuzi baadaye.

Ikumbukwe pia kuwa mkonge wa Afrika Mashariki si mgeni katika viwanda vya dawa. Katika miaka ya 1950 na 1960 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitumia hekojenini, kemikali inayopatikana kwenye utomvu wa majani ya mkonge, kama malighafi ya dawa za jamii ya kotikosteroidi zinazotibu uvimbe na magonjwa ya ngozi. Baadaye vyanzo vingine vya bei nafuu vilipatikana na utomvu ukarudi kumwagwa mtoni. Thamani ilikuwepo, ila aliyejua kuibadilisha alikuwa ng'ambo, na alipopata njia nyingine hakuwa na sababu ya kuaga.

Mabaki ya korona

Sasa tuje kwenye biashara ambayo, kwa maoni yetu, ina uzito wa kutosha kupimwa kwa tani.

Jani bichi la mkonge likipita kwenye korona, singa inayopatikana ni kama asilimia 4 ya uzito. Kwa kila tani moja ya singa, zaidi ya tani 20 huondoka kama maganda, utomvu na singa fupi zinazoanguka na maji. Kampuni ya Katani ilionyesha huko Hale, Tanga, kwa mradi uliosaidiwa na shirika la UNIDO, kuwa mabaki hayo yanaweza kutoa gesi na umeme. Huo ni mlango mmoja. Mlango wa pili ni vitu vya kunyonya majimaji.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na Manu Prakash na wakishirikiana na kampuni ya Olex Techno Enterprises ya Kisumu, Kenya, walichapisha njia ya kugeuza singa za mkonge kuwa pamba laini ya taulo za kike. Singa huchemshwa katika kemikali za kuondoa lignini, ile gundi ngumu inayofanya mmea usimame, kisha huoshwa na kuchambuliwa hadi ziwe laini. Pamba hiyo ilinyonya maji kuliko ile iliyotolewa kwenye taulo za dukani zilizolinganishwa nayo. Watafiti hao walikusudia tangu mwanzo kuwa kazi hiyo iweze kufanyika katika karakana ndogo, kwenye maeneo makavu yanakostawi mkonge, pasipo kiwanda kikubwa. Maelezo hayo yanaifaa Makanya kama nguo iliyopimwa kwa fundi.

Kisayansi umbali kati ya pamba hiyo na haidrojeli ni mfupi kuliko inavyodhaniwa. Zote mbili ni selulosi ya mkonge iliyovuliwa lignini na kufundishwa kushika maji. Tofauti ni kiwango cha usafi na cha ulaini. Aliyejifunza kutengeneza pamba ya taulo yenye ubora ule ule kila wiki amekwisha panda nusu ya ngazi ya kwenda kwenye vifuniko vya vidonda, na amekuwa akiuza njiani.

Hesabu yake nayo ni tofauti. Tuchukulie taulo moja inahitaji gramu 5 za pamba na kwamba tani ya singa, baada ya kuondolewa lignini na vinginevyo, inabaki kilo 600. Hizo ni taulo 120,000 kwa tani. Wateja hawatafutwi mbali, wako katika kila shule ya sekondari kuanzia Vunta hadi Kihurio, na kila mwezi wanarudi.

Vikwazo vipo na si vidogo. Cha kwanza ni kodi. Serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike katika bajeti ya mwaka 2018/19, ikaurudisha utozaji wake katika bajeti ya 2019/20 kwa maelezo kuwa wafanyabiashara hawakushusha bei na hivyo mlaji hakunufaika. Badala yake ikapunguza kodi ya mapato kwa wawekezaji wapya wa taulo kutoka asilimia 30 hadi 25, kwa miaka miwili. Hoja ya Serikali kuhusu bei ilikuwa na ukweli. Lakini miaka miwili ni mifupi kuliko muda wa mkonge kukua, na ni vigumu kuona ni mwekezaji gani wa malighafi ya hapa nchini aliyetarajiwa kunufaika nayo.

Cha pili ni maji. Korona inakunywa maji mengi, na kuosha selulosi kunataka mengi zaidi, tena safi. Same imekaa miaka mingi ikililia maji wakati bwawa la Nyumba ya Mungu liko jirani. Mradi mkubwa wa Same, Mwanga na Korogwe unaochota kwenye bwawa hilo ulizinduliwa mwaka 2025 baada ya kusubiriwa kwa zaidi ya miaka kumi, na haitakuwa busara wala haki maji hayo yaanze kuoshea singa wakati kuna vitongoji ambavyo akina mama bado wanabeba ndoo. Karakana yoyote italazimika kuja na mpango wa kuyarudia maji yake. Kemikali zilizotumika nazo haziwezi kumwagwa kwenye mifereji inayoshuka kwenye mashamba ya mpunga ya Ndungu.

Cha tatu ni viwango. Taulo zinahitaji alama ya TBS. Kifuniko cha kidonda kinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, na hapo kila robota la malighafi litaulizwa lilikotoka, umri wa jani, maji yaliyotumika na siku lilipokaushwa. Chama cha ushirika ambacho leo hakiandiki hata tarehe ya kukata majani kitajibu nini?

Kwa kuku, jeli ni ya kununua

Kuna upande mwingine wa jeli hizi ambao Same itakuwa mtumiaji, na faida yake huenda ikafika mapema. Mwaka 2022 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walieleza jeli ambayo viungo vyake hufunguka na kujifunga, ya jamii ile ile ya kujiponya, iliyoweza kuzihifadhi protini na chanjo dhidi ya joto kali, hadi nyuzi 65 katika baadhi ya majaribio. Dawa inafungwa ndani ya mtandao ili isijikunje na kuharibika. Ikitakiwa, inamwagiwa maji ya sukari maalumu na jeli inayeyuka.

Anayeishi Kisiwani au Hedaru mwezi Februari hahitaji kuelezwa kwa nini hilo ni jambo kubwa. Chanjo ikitoka Moshi kwenye kasha la barafu, ikakaa kituo cha mabasi Same, kisha ikapanda pikipiki kuelekea kijijini, barafu inakuwa imeyeyuka na hakuna anayejua kama kilichomo kingali hai.

Wafugaji wa kuku wana mfano mzuri wa faida ya kushinda joto. Chanjo ya kideri ya I-2 ilitengenezwa Queensland, Australia, kwa kuchagua kirusi dhaifu kinachovumilia joto, na mbegu yake ikatolewa bure kwa nchi zinazoendelea. Hapa nchini hutengenezwa Kibaha na taasisi ya chanjo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, na hutolewa kwa tone moja la jicho. Kwa sababu haiharibiki upesi, imefika vijiji ambavyo friji haijafika. Ikiwa jeli za Zurich zitaruhusiwa na bei yake kushuka, chanjo nyingine za mifugo na za watoto zitapata sifa hiyo bila kubadilisha kirusi. Lakini jeli hiyo imejengwa kwa polima za viwandani, haina mkonge ndani yake, na hakuna sababu ya kumwambia mkulima vinginevyo.

Neno moja kuhusu mshubiri, kwa kuwa nao hutajwa kila inapotajwa jeli. Ute wa mshubiri una soko lake katika sabuni na vipodozi, lakini huharibika upesi baada ya jani kukatwa na hautii joto la mwili kwa namna tuliyoieleza. Pia mishubiri ya porini, karibu aina zote isipokuwa ile ya Aloe vera inayolimwa, iko chini ya mkataba wa CITES, na kuisafirisha nje bila kibali ni kosa. Anayetaka kununua majani ya porini kwa gunia aulizwe kwanza kibali.

Nini kifanyike kabla ya kuchimba shimo

Kazi ya kwanza ni ya bei ndogo kuliko karakana yoyote. Kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, pamoja na Bodi ya Mkonge wana uwezo wa kupima singa za Makanya na za Ndungu kwa umri wa jani na kwa msimu, kuonyesha selulosi ni kiasi gani, lignini ni kiasi gani, na majivu na madini ni kiasi gani. Jedwali la namna hiyo, likiwa la misimu mitatu au minne mfululizo, ndilo analoliomba mnunuzi wa malighafi ya hospitali kabla hajaomba sampuli. Bila hilo mazungumzo huishia kwenye picha za pamoja.

Ya pili inahusu vyama vya ushirika. Endapo atafika mwekezaji na mkataba wa kulima kwa ajili ya "bayoteknolojia", viongozi wadai kuona mambo manne kwa maandishi: kiasi cha tani atakachonunua kila mwaka, bei ya chini asiyoweza kushuka, nani anamiliki matokeo ya vipimo vya mkonge wao, na nini kitatokea kwa shamba akiondoka. Wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba wanajua kilivyo kizito kipengele cha pili. Wao wana zao linalotakiwa kila jikoni, wana kiwanda chao, na bado bei ya shambani imewatesa mara nyingi. Zao lenye mnunuzi mmoja litatesa zaidi.

Ya tatu ni ya Hazina. Kama nia ni kuona taulo na vifuniko vya vidonda vinatengenezwa kwa malighafi ya hapa nchini, unafuu wa kodi ufungwe kwenye malighafi hiyo na upewe muda usiopungua umri wa zao lenyewe. Mkonge unachukua kama miaka mitatu kufikia kukatwa kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo huvunwa kwa miaka mingine saba au zaidi. Hospitali za umma na shule zinaweza kuwa mnunuzi wa mlangoni, kama Aravind walivyokuwa kwa Aurolab, ikiwa Bohari ya Dawa itakubali kuandika oda ya awali yenye masharti ya ubora.

Kwa sasa, anayepanda mkonge Makanya msimu huu afanye hesabu zake kwa bei ya kamba, magunia na mazulia. Majani yake ya kwanza yatakapokuwa tayari, wenye viwanda hivyo ndio watakaokuwa na lori getini.